Potasi imekaa wapi? Kisa cha jiwe la mchanga lenye ripoti tatu

Usuli

Kisa hiki ni cha kampuni ndogo ya familia iliyokuwa ikichimba mawe katika ukanda wa Duruma, bara ya Mombasa. Majina ya kampuni, kijiji na maabara yameondolewa, na tarakimu zimezungushwa kidogo ili asitambulike mtu. Niliingizwa katika suala hili nikiwa msomaji wa ripoti: nilitumiwa karatasi tatu zisizopatana na kuulizwa ipi iaminiwe.

Jiwe lenyewe mnalifahamu. Ni lile linalouzwa kwa jina la Mazeras, lenye rangi ya maziwa, kahawia au zambarau na michirizi, linalobandikwa kwenye kuta za nyumba na kutandazwa nyuani kuanzia pwani hadi Nairobi. Wanajiolojia huigawa miamba ya ukanda huo, kutoka chini kwenda juu, katika Taru, Maji ya Chumvi, Mariakani na Mazeras. Yote ni ya kundi la Karoo, ukoo uleule wa miamba yenye makaa ya mawe ya Mchuchuma na Ngaka kusini mwa Tanzania. Mchanga wake uliletwa na mito iliyokuwa ikimomonyoa miamba ya kale ya nisi na granaiti, na miamba hiyo ina felspari nyingi, yaani madini ya silika yenye alumina pamoja na potasi, natiri au kalsiamu. Hilo la mwisho litarudi baadaye.

Uchongaji wa mawe huacha makombo, na hapa makombo yalikuwa yamekuwa kilima. Dalali mmoja akawaambia wenye timbo kwamba wamelalia mali: wayasage makombo, wayaoshe, wauze mchanga wa silika kwa kiwanda cha kioo. Wazo halikuwa la kipuuzi. Kioo hutengenezwa kwa mchanga wa kwarizi, na kwarizi ni silika tupu. Lakini kiwanda cha chupa nyeupe hutaka silika isiyopungua asilimia 98 hivi, na chuma kisichozidi karibu asilimia 0.03. Mtambo wa kuosha ungenunuliwa kwa mkopo, na benki ikataka ripoti ya maabara.

Ripoti ya kwanza

Maabara ya kwanza ilitumia njia ya zamani na ya heshima. Kipande cha jiwe hukatwa, hubandikwa kwenye kioo (ndiyo slaidi), kisha husuguliwa mpaka kibaki na unene wa milimita 0.03, ambapo mwanga hupenya karibu madini yote. Huwekwa chini ya hadubini yenye vichujio viwili vya polaraizi, na mtaalamu hukisogeza hatua kwa hatua, kila hatua akitaja dini (umoja wa madini) lililo chini ya msalaba wa lenzi. Hapa zilihesabiwa nukta 300. Kwarizi ilipata asilimia 84, felspari 7, udongo laini wa katikati ya chembe 5, ulanga 1, vipande vya miamba mingine 1, na madini meusi yasiyopitisha mwanga 2. Vitundu havikuhesabiwa.

Mhasibu wa kampuni alipiga hesabu yake mwenyewe, na haikuwa mbaya. Ukiosha udongo, ulanga na madini meusi, alisema, kinachobaki ni kwarizi na felspari kidogo, na felspari nayo ina silika ndani yake. Akafikia silika ya asilimia 97. Kutoka 97 hadi 98 si safari ndefu. Bei ya mtambo ikaombwa.

Ripoti mbili zilizofuata

Benki ilitaka maoni ya pili. Mchanga ukapelekwa kwenye maabara mbili kwa mpigo, moja ya XRF na moja ya XRD. Watu huzichanganya kwa sababu zote hutumia mionzi ya eksirei, lakini hujibu maswali tofauti kabisa.

XRF huuliza kuna elementi gani na kwa kiasi gani. Haijui lolote kuhusu madini. Silikoni iliyo ndani ya kwarizi na ile iliyo ndani ya udongo kwake ni kitu kimoja. Ilileta silika 83.6, alumina 9.6, oksidi ya potasi 3.4, oksidi ya chuma 0.6, oksidi ya natiri 0.3, titania 0.2, na asilimia 2.0 iliyopotea jiwe lilipochomwa, ambayo kwa mwamba wa namna hii karibu yote ni maji yaliyofungwa ndani ya madini ya udongo.

XRD huuliza atomi zimejipangaje. Jiwe husagwa likawa unga, unga hupigwa eksirei, na kila dini hurudisha vilele kwenye nyuzi zake maalumu. Kwa mrija wa shaba, kilele kikuu cha kwarizi hukaa nyuzi 26.6, cha felspari ya potasi karibu 27.5, cha plajioklasi (felspari ya natiri na kalsiamu) karibu 27.9, na cha kwanza cha kaolini (udongo mweupe) karibu 12.4. Programu ya kompyuta hulinganisha mchoro wote na ule unaotarajiwa kinadharia, kwa mbinu aliyoichapisha Hugo Rietveld mwaka 1969, na kutoa asilimia. Ripoti hii ilisema: kwarizi 63, felspari ya potasi 19, plajioklasi 3, kaolini 12, ulanga na iliti (udongo wa jamii ya ulanga) 3.

Kwa hiyo kwarizi ilikuwa 84 kwa mmoja na 63 kwa mwingine. Kikao cha kampuni, nilivyosimuliwa, kilitoa pendekezo ambalo nimelisikia pia kwenye vikao vya watu wenye shahada: tugawanye katikati, tuseme 73 na nusu. Lilikuwa pendekezo la kuleta amani, na amani ilipatikana kwa siku chache.

Hesabu kabla ya kugusa jiwe

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutopima chochote kipya. Ripoti tatu zilikuwa na habari za kutosha kuhojiana zenyewe, na kalamu haina gharama.

Felspari halisi ya potasi ina oksidi ya potasi asilimia 16.9. Ulanga mweupe una takriban 11.8. Kwarizi haina potasi, kaolini haina potasi. Chukua ripoti ya hadubini na uipe kila nafasi ya kujitetea: hesabu felspari zake zote 7 kuwa za potasi, unapata 1.2. Ongeza ulanga, unapata 1.3. Sema udongo wake wote 5 ni iliti, ambayo hubeba potasi, unafika 1.7 au 1.8. XRF inasema 3.4. Nusu ya potasi haina pa kulala.

Alumina ilikuwa mbaya zaidi. Madini yaliyotajwa na hadubini, udongo wote ukichukuliwa kuwa kaolini, yangeweza kubeba alumina isiyozidi asilimia 3.6 hivi. Iliyopimwa ni 9.6.

Sasa fanya vivyo hivyo kwa XRD. Felspari 19 inatoa potasi 3.2, ulanga na iliti 0.35, jumla 3.55 dhidi ya 3.4 iliyopimwa. Alumina inafika karibu 9.9 dhidi ya 9.6. Maji ya kaolini, ambayo ni asilimia 14 ya uzito wake, yanatoa 1.7, na ukiongeza ya ulanga unafika 1.8 dhidi ya 2.0 iliyopotea kwenye tanuri. Hesabu imefunga.

Ungeweza kusimama hapo na kutangaza mshindi. Sikushauri hivyo, kwa sababu mbili. Kwanza, huenda maabara hazikupima jiwe moja. Mtu wa hadubini alipewa kipande kimoja chenye ukubwa wa ngumi, wale wengine wakapewa gunia la makombo ya matabaka yote. Tofauti ya 84 na 63 ingeweza kuwa tofauti ya tabaka, na hapo ripoti zote tatu zingekuwa sahihi. Pili, mtaalamu wa hadubini alikuwa mtu wa kazi. Kama aliona kwarizi asilimia 84, kulikuwa na kitu kinachofanana na kwarizi, na kujua ni kitu gani kulikuwa na faida kuliko kumwambia amekosea.

Timboni

Msimamizi wa timbo, mzee aliyeanza kuchonga mawe akiwa kijana, alitupitisha ukutani kutoka juu hadi chini. Wachimbaji wana majina yao ya matabaka kwa rangi na kwa jinsi yanavyopasuka. Tabaka jeupe la juu alituonya tusiliegemee. "Hilo, mwanangu, halimalizi masika mbili nje. Pembe zinaliwa." Nilipitisha kidole, kikarudi cheupe.

Kwenye lenzi ya mkononi jambo lilikuwa karibu wazi. Kati ya punje za kijivu zinazong'aa kulikuwa na vidoa vyeupe visivyo na mng'aro, vingine laini kiasi cha kuingia sindano. Na kwenye tabaka la chini, lililo gumu na la kijivu, ukiligeuza jiwe juani baadhi ya punje zilimeta kwa uso bapa, zikazima, zikameta tena. Kwarizi haimeti hivyo. Kwarizi huvunjika kama chupa, kwa mikunjo isiyo na mpangilio, ilhali felspari hupasuka kwa nyuso bapa. Vidoa vyeupe vya juu na punje bapa za chini vilikuwa kitu kimoja katika umri tofauti: felspari, iliyooza juu kwa maji ya mvua na kuwa kaolini, na iliyobaki nzima chini. Anayejua vilima vya Pugu karibu na Dar es Salaam, ambako jiwe la mchanga lina kaolini nyingi kiasi cha kuchimbwa kwa ajili yake, hatashangaa.

Maamuzi na sababu zake

Tuliamua mambo manne.

La kwanza lilikuwa sampuli. Tulichukua mabonge kutoka kila tabaka, na kila bonge likakatwa mara mbili: nusu kwa hadubini, nusu isagwe na kugawanywa kwa XRD na XRF. Bila hili mabishano yangeendelea mpaka kiama.

La pili lilikuwa kurudia slaidi za zamani kabla ya kutengeneza mpya. Kuna jaribio lisilogharimu senti. Othoklasi, ambayo ni felspari ya potasi, hupinda mwanga kidogo kuliko gundi ya epoksi inayoshikilia slaidi; kielezo chake cha kupinda mwanga ni karibu 1.52. Kwarizi huanzia 1.544. Ukifunga kidogo tundu la mwanga na kuiinua lenzi taratibu, mstari mwembamba wa mwanga kwenye ukingo wa punje hukimbilia upande wenye kielezo kikubwa. Kwenye punje nyingi zilizokuwa zimeandikwa kwarizi, mstari ulikimbilia kwenye gundi. Dalili ya pili ilikuwa ukungu: kwarizi huwa safi, felspari hizi zilikuwa na vumbi hafifu la kahawia ndani yake, na hulioni mpaka uondoe kichujio cha juu. Wengi hawakiondoi. Rangi za vichujio viwili ni nzuri mno.

Hapo ndipo chanzo kilipojitokeza. Mwanafunzi hufundishwa kutambua felspari kwa mistari yake: plajioklasi ina milia kama pundamilia, mikroklini, felspari nyingine ya potasi, ina mistari iliyopishana kama kitambaa. Felspari ya mwamba huu nyingi ni othoklasi isiyo na milia yoyote. Chini ya vichujio viwili ina kijivu kilekile cha kwarizi. Mtaalamu aliyehesabu aliandika felspari pale tu alipoona milia.

La tatu lilikuwa kuchagua kati ya rangi na mashine. Mashine ilikuwepo: hadubini ya elektroni inayopiga ramani ya madini yenyewe, punje kwa punje, kwa kusoma elementi za kila nukta. Hutoa picha ya kupendeza na haidanganywi na milia. Lakini ilibidi sampuli zisafirishwe nje ya nchi, na bei yake ingetosha kutengeneza slaidi mpya za timbo zima. Tukachagua rangi. Slaidi isiyofunikwa huwekwa kwa muda mfupi, sekunde kadhaa, juu ya mvuke wa asidi ya hidrofloriki, kisha huzamishwa kwenye maji yaliyokolea kobaltinitriti ya natiri. Felspari ya potasi hugeuka njano. Kwarizi haibadiliki. Plajioklasi huchomwa na asidi na kupauka, haiwi njano.

Asidi hiyo si ya mchezo. Hupita ngozi bila maumivu makubwa mwanzoni, hufunga kalsiamu ya mwili, na huyeyusha kioo, hivyo vyombo vyake ni vya plastiki. Kazi ilifanywa chuoni, ndani ya kabati lenye feni ya kuvuta hewa, jeli ya kalsiamu glukoneti ikiwa mezani, na watu wawili chumbani. Maabara isiyo na hivyo isijaribu. Ibaki na mstari wa mwanga, ambao ni wa polepole lakini hauui mtu.

La nne lilikuwa kutengeneza slaidi upya kwa namna tofauti. Jiwe linalomeguka lilijazwa kwanza gundi ya epoksi yenye rangi ya buluu, ndani ya chombo cha kuvuta hewa, kabla ya kukatwa. Slaidi za kwanza zilisuguliwa bila kujazwa. Udongo laini na felspari zilizooza zikang'oka na kuondoka na maji ya kusugulia, zikaacha mashimo. Kwa kuwa vitundu havikuhesabiwa, kila kilichong'oka kilitoweka kwenye hesabu na kwarizi ikapanda cheo bila kufanya lolote.

Slaidi mpya zilionyesha nini

Slaidi ya kwanza iliyotoka kwenye rangi ilijibu swali kabla haijawekwa kwenye hadubini. Ukiishika dhidi ya dirisha uliona manjano yametapakaa kote.

Zilihesabiwa nukta 500 kwa kila slaidi. Kwa tabaka la kati, ambalo ndilo linalotoa makombo mengi, matokeo yalikuwa kwarizi 64, felspari ya potasi 18, felspari iliyooza zaidi ya nusu 4, plajioklasi 2, kaolini ya kwenye vitundu 8, ulanga 1, vipande vya miamba 1, na hematiti (oksidi ya chuma) pamoja na madini mazito 2. Nukta 500 zina kosa lake la bahati nasibu: kwa dini lenye asilimia 18, kosa ni kama 3.4 juu au chini, na kwa kwarizi 64 ni kama 4.3. Kwa hiyo 18 ya hadubini na 19 ya XRD hazina ugomvi. 84 na 63 zilikuwa nao, na hakuna idadi ya nukta ambayo ingeuondoa, kwa sababu kuhesabu nukta nyingi hupunguza kosa la bahati. Kosa la kutambua hubaki palepale.

Jina la mwamba nalo lilihama. Ukitazama punje zinazojenga kiunzi cha mwamba tu, bila udongo, kwarizi ni 72 katika 100 na felspari 27. Kwa mgawanyo wa kawaida huo ni mwamba wa akosi, ule wenye felspari zaidi ya robo. Ripoti ya kwanza ilikuwa imeuweka ngazi moja juu, karibu na miamba ya kwarizi iliyokomaa. Kwa mchanga ulioshuka kutoka kwenye nisi na granaiti, akosi ndiyo ingetarajiwa tangu mwanzo.

Tulihakiki pia kaolini ya XRD. Kilele cha 12.4 kinaweza kuwa cha kaolini au cha kloriti, na kloriti ingeleta chuma kisichoosheka. Chembe zilizo chini ya maikroni 2 zilitenganishwa kwa kuziacha zitulie majini, zikalazwa kwenye kioo, zikapimwa zikiwa kavu, kisha baada ya mvuke wa glaikoli, kisha baada ya kuchomwa kwa nyuzi 550. Baada ya tanuri kilele kilitoweka na hakikuacha kitu kwenye angstromu 14 (kipimo cha umbali kati ya matabaka ya atomi), ambako kloriti ingejitokeza kwa nguvu zaidi. Ilikuwa kaolini. Kwenye tabaka la juu glaikoli ilivimbisha kilele kidogo hadi angstromu 17: smektiti, udongo unaovimba ukilowa. Ilikuwa kidogo, lakini yule mzee alikuwa ameshatuambia kuhusu pembe zinazoliwa.

Matokeo

Hesabu ya mhasibu ilirudiwa kwa tarakimu mpya. Tuseme mtambo unaosha kikamilifu, unaondoa kaolini yote, ulanga wote na iliti yote, jambo ambalo hakuna mtambo unaolifanya. Kinachobaki ni kwarizi na felspari peke yake, na silika yake ni asilimia 91. Si 97. Maji hayatenganishi felspari na kwarizi. Uzito wao unakaribiana mno, 2.56 hivi kwa moja na 2.65 kwa nyingine. Kinachozitenganisha ni kuzielesha kwa kemikali, kiwanda kizima kingine. Chuma nacho kilikuwa mara 20 ya kinachotakiwa. Kingi kilikuwa ngozi nyembamba ya hematiti juu ya punje, ambayo kusugua kungeondoa kwa sehemu, lakini kingine kilikaa ndani ya nyufa za felspari.

Oda ya mtambo ilisitishwa. Kulikuwa na wazo la kuuza mchanga huo kwa watengenezaji wa vigae, kwa kuwa felspari huyeyusha udongo wa kigae kwenye tanuri. Mnunuzi aliomba sampuli, akachoma, kigae kikatoka na madoa ya kahawia, na mazungumzo yakaishia hapo. Jambo lililofaulu halikuwa kwenye mpango wa mtu yeyote: kampuni ilianza kuuza mawe kwa matabaka. La chini kwa nje, la kati kwa kuta zilizo chini ya paa, la juu kwa ndani tu. Malalamiko ya wateja kuhusu mawe yanayomeguka yalipungua.

Uchambuzi

Kilichofanya kazi kuliko vyote, kwa maoni yangu, ni XRF, kipimo ambacho peke yake hakiwezi kutaja dini hata moja. Kiliweka mipaka. Ripoti yoyote ya madini lazima ijibu kwa elementi zilizopo, na jedwali la madini lisiloweza kubeba potasi iliyopimwa ni jedwali lenye shimo, hata likiwa limesainiwa na nani. Hesabu ile huchukua muda mfupi, na haikuwa imefanywa na mtu yeyote kati ya watu watano waliopitia karatasi hizo.

XRD iliibuka vizuri hapa, ila nisingependa msomaji aondoke akidhani ndiyo hakimu. Haikuweza kusema kaolini imekaa wapi, ndani ya felspari zilizooza au huru kwenye vitundu, na kwa anayetaka kuosha hilo ndilo swali lenyewe: ya kwenye vitundu huondoka na maji, ya ndani ya punje hubaki mpaka punje ivunjwe. Kilele cha iliti kimoja hukaa karibu juu ya kile kikuu cha kwarizi. Dini lililo chini ya asilimia 1 au 2 hupotea kwenye kelele ya mchoro; hematiti ile, iliyoharibu biashara ya kigae, haikutajwa kabisa kwenye ripoti ya XRD. Na felspari ikisagwa vibaya, vipande vyake bapa hulala upande mmoja kwenye kishikio na kukuza vilele vyake. Mara hii XRF ilithibitisha kwamba haikutokea. Bila XRF tusingejua.

Hadubini ilishindwa kwa sababu tatu zilizojazana: felspari isiyo na milia, udongo uliong'oka, na punje zilizooza kuandikwa udongo bila kuuliza zilikuwa nini kabla ya kuoza. Zote tatu zinaelekea upande mmoja, wa kuipandisha kwarizi au kuishusha felspari. Ndiyo maana wastani wa ripoti mbili ulikuwa mbaya kuliko kuchagua moja kwa kurusha sarafu. Wastani husaidia pale makosa yanapotawanyika pande zote, na haya yalikuwa yamepanga foleni.

Hata slaidi za rangi zina mtego. Udongo wenye potasi, kama iliti, huweza kushika manjano nao, na asidi ikizidi tabaka la njano hubanduka na kuhamia kwa jirani. Tulihesabu upande uliopakwa rangi sambamba na upande usiopakwa wa slaidi ileile. Ni kazi inayochosha macho.

Kuhusu sampuli, kampuni ililipia ripoti tatu kabla ya mtu kuuliza jiwe lipi limekwenda wapi. Mabonge yaliyokatwa nusu kwa nusu yalionyesha kwamba tofauti ya matabaka ilikuwepo kweli, felspari ikipungua na kaolini ikipanda kadiri unavyoelekea juu, lakini haikufika popote karibu na pointi 21 zilizozitenga ripoti. Lau tungeanza na hilo, ripoti ya pili na ya tatu zingetolewa kwa bonge lilelile la kwanza, na ugomvi ungekwisha wiki ileile.

Kilichobaki bila jibu ni chuma cha ndani ya nyufa. Hakuna slaidi iliyoweza kutuambia ni sehemu gani ya ile asilimia 0.6 ingeondoka kwa kusugua. Hilo lingehitaji kusugua mchanga wenyewe kwenye pipa na kuupima XRF kabla na baada, kipimo cha kawaida kabisa, lakini mkopo ulikuwa umeshafutwa na hakuna aliyekuwa na sababu ya kukilipia.